Taarifa Fupi ya Mpanda, Iliyosomwa Mbele ya Mkwe

Jumapili, 19 Novemba. Jua kali tangu saa mbili asubuhi. Saa nane mchana mawingu yalijikusanya upande wa Nsimbo, yakatutazama, yakaondoka. Mvua: hakuna. Moyo: mzuri. Miguu: imechoka.

Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, naandika kabla giza halijaingia. Nikiacha mpaka kesho nitaanza kuipamba siku hii, na siku hii haihitaji kupambwa.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: ukurasa huu alinifungulia binti yangu Zuhura, baada ya kuchoka kuona madaftari yangu yakiliwa na mchwa. Naandika kwanza kwenye daftari, halafu yale yasiyomuumbua mtu nayahamishia hapa. Leo nitayahamisha yote, kwa sababu aliyeumbuka ni mimi mwenyewe.

Nauza mchele na maharage sokoni Mpanda. Nina kidato cha nne na tabia ya kupima vitu. Kwenye uwanja wangu kuna nguzo, na juu ya nguzo kuna kopo la maziwa ya unga lenye pande zilizonyooka. Kila asubuhi ya masika naingiza rula humo, nasoma, naandika. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Mwaka wa kwanza hesabu zilikuwa ndogo ajabu, nikadhani ni ukame, kumbe kuku walikuwa wananitangulia kuamka na kunywa. Sasa kopo lina wavu.

Basi. Nianze.

Zuhura anafanya kazi ya maabara hapa mjini. Ni mtoto wangu wa mwisho, na ndiye pekee aliyebaki karibu. Kaka zake wawili walishachukuliwa na Mwanza na Dar es Salaam. Kuna kijana anaitwa Hemedi, mpima ardhi, kwao Lushoto. Yuko Mpanda mwaka wa tatu. Wamependana, na sisi tumempenda, kwa sababu ni mtu anayekuja na kamba yake ya kupimia hata akialikwa kula.

Tatizo lilikuwa mama yake.

Mama Hemedi alisema kwenye simu kwamba hawezi kupeleka barua ya posa mahali asipopajua. Atakuja mwenyewe, barua ikiwa kwenye mkoba. Akipapenda, ataitoa. Asipopapenda, atarudi nayo Lushoto, na Hemedi aombe uhamisho wa kurudi kwao. Zuhura akitaka, amfuate huko huko.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Barua ikitoka kwenye mkoba, mtoto wangu anabaki Mpanda. Barua isipotoka, ama anavunjika moyo hapa, ama anaenda kuishi kwenye milima ambayo mimi naijua kwa kuiona kwenye kalenda.

Nikiri kitu. Siku zote hizi nilijiambia nampigania Zuhura. Sikuwa nampigania Zuhura. Nilikuwa najipigania mwenyewe.

Wazo la taarifa lilikuwa la mume wangu. Baba Zuhura alikuwa mhudumu kwenye ofisi ya serikali kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kazi yake ilikuwa kupanga viti, kuweka maji ya chupa mezani na kusimama mlangoni ugeni ukifika. Amesikia taarifa nyingi kuliko wakubwa wote waliozisoma. Kwake yeye, mgeni kunywa chai kabla hajasomewa taarifa ni utovu wa adabu.

"Huyu ni mgeni kutoka mkoa mwingine," aliniambia. "Lazima asomewe taarifa. Wewe andika, mimi nitasoma."

"Kwani anakuja kuzindua kisima?"

"Anakuja kuzindua ukoo."

Nikaandika. Jumatano jioni nzima niliandika, na sitasema uongo, nilifurahia. Sijawahi kuuangalia mji wangu kwa kalamu.

Sehemu ya kwanza, Utawala. Nilieleza kwamba Mpanda ni makao makuu ya mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, na kwamba kabla ya hapo mtu akiwa na shida ya ngazi ya mkoa alifunga safari mpaka Sumbawanga. Nikaandika kwamba sasa tuna mkuu wa mkoa wetu wenyewe na wakuu wa wilaya watatu, wa Mpanda, Tanganyika na Mlele. Nikaandika halmashauri zote tano, yaani Manispaa yetu ya Mpanda, halafu Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Nikaeleza kwamba wananchi tunachagua madiwani, madiwani wanamchagua Meya, na chini ya wote hao kuna mwenyekiti wa mtaa, ambaye atakugongea muhuri hata akiwa anaoga, mradi uje na wino wako.

Hiyo ya wino Baba Zuhura aliifuta. Alisema si ya kitaarifa.

Sehemu ya pili, Hali ya Hewa. Hapa nilijidai kidogo. Niliandika kwamba tuna misimu miwili tu, haituchanganyi akili. Masika huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili. Kiangazi hushika Mei mpaka Oktoba. Niliandika kwamba mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta. Nikaandika kwamba kwa mujibu wa daftari langu la miaka kumi na moja, mvua ya kwanza ya maana hunyesha wiki ya pili ya Novemba.

Sehemu ya tatu, Watu. Niliandika kwamba kwa sensa ya mwisho mkoa mzima umevuka milioni moja, na manispaa peke yake imevuka laki mbili. Kwamba wenyeji ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, halafu wakaja Wafipa, Wanyamwezi, Waha, Wasukuma na ng'ombe wao, na ndugu zetu wa Katumba ambao wazazi wao walifika kutoka Burundi wakaligeuza pori kuwa mashamba. Nikamalizia kwamba ukimuuliza mtu wa Mpanda kwao ni wapi, kwanza anavuta kiti, kwa sababu jibu lake ni refu.

Nilimpa Baba Zuhura karatasi tatu safi. Akazisoma, akazigeuza nyuma, akatazama chini ya meza kama kuna nyingine imeanguka.

"Changamoto ziko wapi?"

"Changamoto gani?"

"Mama Zuhura. Kila taarifa ina changamoto. Isiyo na changamoto ni tangazo la biashara."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimwambia mtu anayetafuta sababu ya kuondoka na mtoto wako humpi orodha. Akanuna. Mwishowe, ili nyumba itulie, nikachukua nusu karatasi, nikaziandika nne kwa hasira, kwa mwandiko wa haraka, kila moja kweli tupu. Tukakubaliana itakaa nyuma ya jalada kwa ajili ya ukamilifu. Haitasomwa.

Lilikuwa kosa langu. Mtu aliyeishi miaka yote hiyo na mhudumu wa ofisi alipaswa kujua.

Ijumaa alasiri tulienda stendi kuwapokea. Basi lilikuja kupitia Tabora na Inyonga, jekundu kwa vumbi ingawa rangi yake ni nyeupe. Wa kwanza kushuka alikuwa Mjomba Rajabu, kaka yake Mama Hemedi, ambaye ndiye mshenga. Mguu wa pili ulikuwa haujagusa ardhi alishakuwa amemsalimia kila mtu stendi, akiwemo mpiga debe. Nyuma yake akashuka Mama Hemedi, mwembamba, mkoba kifuani, ndani ya sweta zito la sufu lililofungwa vifungo mpaka shingoni.

Alikuwa ametuletea kabichi nne na karoti kwenye boksi. Kabichi zimesafiri tangu Lushoto. Kabichi zipo Mpanda. Sikusema.

Tulisalimiana vizuri. Halafu akauliza, "Hili joto ni la kawaida, au kuna kitu kinaungua?"

"La kawaida, mama," Hemedi akasema. "Linakwisha mvua zikianza."

"Zinaanza lini?"

Hemedi akanitazama mimi.

"Wiki ya pili ya Novemba," nikasema.

Ilikuwa tarehe kumi na saba. Mama Hemedi akainua uso juu, akalitazama anga lililokuwa jeupe kama sahani, akaurudisha chini. Miaka kumi na moja ya daftari ikanitoka mwilini kwa jasho.

Lile sweta hakulivua. Wala jioni ile, wala jana kutwa. Zuhura alimwomba kwa adabu amtundikie, akajibu, "Liache tu mwanangu, nimelizoea." Mimi nilielewa. Mtu asiyevua sweta ni mtu aliyesimama mlangoni.

Jana Jumamosi Hemedi aliwazungusha kwa bajaji. Walienda soko la Buzogwe, wakapita kwenye ofisi za mkoa, wakaenda mpaka Mwamkulu kuona mashamba ya mpunga yanayosubiri maji. Mjomba Rajabu alisifia kila kitu. Alisifia hata mzunguko wa barabara. Mama Hemedi alisema "haya", alisema "sawa", na mara moja alisema "ndiyo".

Halafu wakafika stesheni ya treni. Zuhura ndiye aliyenihadithia. Mama Hemedi alisimama, akazifuata reli kwa macho, akauliza baada ya hapa zinaelekea wapi. Hemedi akamweleza kwamba hazielekei popote. Wakoloni waliivuta reli kutoka huko kwenye reli kuu kwa sababu ya machimbo ya risasi, wakaifikisha hapa, wakaishia.

"Inaishia hapa?"

"Inaishia hapa, mama."

"Aa," akasema.

Hiyo "aa" nimeibeba tangu jana kama jiwe kwenye kiatu.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Asubuhi niliangalia kopo. Kavu. Nilipika na Mama Esta, jirani yangu, mzaliwa wa Katumba, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake. Tulipika wali wa Mwamkulu, kuku, maharage, na migebuka ya ziwani niliyomwomba mtu aniletee kutoka Karema. Tukachanganya na kabichi ya Lushoto ili mgeni ajione yupo. Wakala. Wanaume wakaswali adhuhuri. Halafu Baba Zuhura akaingia chumbani, akatoka amevaa koti.

Alikuwa amepanga viti kwa mstari. Mbele ya Mama Hemedi kulikuwa na kijimeza chenye kitambaa, chupa ya maji, na bilauri iliyofunikwa kwa kisahani. Zuhura alikaa mkekani akitazama vidole vyake. Hemedi alikaa kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

"Ndugu mgeni rasmi," Baba Zuhura akaanza, "ndugu mshenga, vijana wetu, majirani mlioko mlangoni. Itifaki imezingatiwa."

"Imezingatiwaaa!" Mjomba Rajabu akaitikia, akapiga makofi peke yake.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Pale pa kumegwa kutoka Rukwa Mjomba alitikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba wamemega shamba lake. Sehemu ya pili, mume wangu alipofika kwenye mvua ya wiki ya pili ya Novemba, alikohoa na kupita haraka. Mama Esta akasema kutoka jikoni, kwa sauti ambayo yeye anaiita ya chini, "Mvua imesikia lakini?" Sehemu ya tatu Mjomba alicheka sana pale pa mtu kuvuta kiti.

Mama Hemedi hakucheka. Alisikiliza kama anavyosikilizwa mtu anayekuuzia redio.

Baba Zuhura akafika mwisho wa karatasi ya tatu. Nikapumua. Nikainuka kwenda kuchukua chai. Nikiwa katikati ya chumba nikasikia karatasi ikifunguliwa, ndogo, na sauti yake ikipanda ile ngazi ya mwisho wanayoipanda wasoma taarifa wote.

"Ndugu mgeni rasmi. Pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto."

"Baba Zuhura," nikasema.

Akanyanyua kiganja bila kunitazama. "Mbele ya mgeni rasmi karatasi haifichwi."

Nilibaki nimesimama na birika tupu.

"Changamoto ya kwanza. Kuanzia Septemba mpaka mvua zianze kuna joto na vumbi, na mtu akikuambia utalizoea anakudanganya, hatujalizoea sisi. Changamoto ya pili. Kisima chetu hupungua Oktoba, tunachota kwa zamu, na jirani mmoja haheshimu zamu."

"Nani huyo?" Mama Esta akauliza jikoni. Alikuwa anajijua.

"Changamoto ya tatu. Masika wanakuja mbu, na ukiwa na shamba pembeni ya pori wanakuja tembo, na tembo haombi. Changamoto ya nne." Hapo akasita kidogo, maana hiyo alikuwa hajaisoma. "Changamoto ya nne. Tuko mbali na kila mtu. Naomba kuwasilisha."

Hakuna aliyepiga makofi. Hata Mjomba.

Polepole, Mama Hemedi akaanza kufungua vifungo vya sweta. Kimoja, kingine, kingine. Akalivua, akalikunja, akaliweka mapajani juu ya mkoba. Chini yake alikuwa amevaa blauzi ya maua, na ghafla alionekana mtu wa umri wangu.

"Hiyo karatasi ya mwisho ameandika nani?"

"Mke wangu," Baba Zuhura akasema.

"Na zile tatu?"

"Yeye huyo huyo."

Akanigeukia. "Dada, mbona hazifanani?"

Ningeweza kujibu kwa adabu. Nilichoka. "Zile niliziandika nikitaka upapende," nikasema. "Hii niliiandika nikiwa nimekasirika."

Mama Hemedi akacheka. Nilikuwa sijui kama ana meno. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la mtandio, na Mama Esta akaja mlangoni na mwiko kuangalia kuna nini.

"Siku tatu naonyeshwa mazuri tu," akasema. "Nikawa najiuliza, hawa watu wananificha nini? Hii ndiyo taarifa niliyoielewa." Halafu akasimama, kama anavyosimama mgeni rasmi, na Baba Zuhura kwa mazoea akasimama pia, mikono nyuma. "Nimepokea changamoto zenu. Ya kwanza, vumbi, mwagieni maji."

"Maji hayapo, ni changamoto ya pili," Mama Esta akasema.

"Basi hizo mbili mtazimaliza wenyewe kwa wenyewe. Mbu, mtoto atalala kwenye neti. Tembo, kwetu hatuna, tuna baridi inayoingia mifupani na haitoki mpaka Septemba. Kila mtu ana mnyama wake." Mjomba akapiga makofi, safari hii nyumba nzima tukamfuata. "Ya nne."

Hapo akakaa.

"Ya nne sina majibu. Nitauliza swali tu." Akamtazama mwanawe, halafu mimi. "Nikifa, Hemedi atafika kunizika?"

"Dada," Mjomba Rajabu akasema, "jamani, shughuli ya watu hii."

"Acha niulize, ndicho kilichonileta. Tumetoka nyumbani Jumatano alfajiri, tumeshuka hapa Ijumaa alasiri. Nimehesabu. Na sisi maiti hatuiweki."

Nilimwona Baba Zuhura anageuza karatasi, anatafuta jibu kwenye sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halikuwemo. Mimi nilikuwa na neno moja ulimini, ndege. Uwanja tunao. Lakini ndege haiji kila siku, na msiba hausubiri ratiba. Ningelisema lile neno, labda barua ingetoka. Nalikumbuka vizuri, lilikuwa tamu mdomoni.

"Hapana," nikasema. "Ukizikwa siku ile ile, hatafika. Atakuta kaburi."

Zuhura akafunika uso. Nami kwa kuwa nilishaanza, nikaendelea, ingawa sikuwa nimepanga. Nikamweleza habari za baba yangu, Mmanyema wa Ujiji aliyekuja Mpanda kuuza nguo akaoa hapa. Mama yake alipofariki Ujiji, baba alifika siku ya tatu. Sisi watoto tuliogopa kulitaja jambo hilo mbele yake. Siku moja, mzee tayari, aliniambia mwenyewe kwamba lile kaburi halikumuuma. Kilichomuuma ilikuwa miaka minne kabla ya kaburi, ambayo hakwenda hata mara moja kwa sababu duka lilikuwa na watu.

Nje kuku walikuwa wanapigania makoko ya wali.

"Basi asije kunizika," Mama Hemedi akasema. "Kuzika watazika majirani, wapo, wana nguvu. Yeye aje kuniona." Akamgeukia Hemedi. "Kila mwaka. Likizo yote, siyo siku tatu na sababu. Na huyu binti umlete. Na Mungu akiwajalia wengine, muwalete nao wakatapike njiani mpaka wazoee. Nyie wawili mmenisikia?"

"Tumesikia, mama," Hemedi akasema.

"Tumesikia, mama," Zuhura akasema.

"Naomba yaingie kwenye kumbukumbu," Baba Zuhura akasema, "kama maagizo ya mgeni rasmi."

Akanipa ile nusu karatasi. Nikayaandika nyuma yake, chini nikaweka tarehe.

Ndipo Mama Hemedi akafungua mkoba. Barua ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni. Akamnyooshea Baba Zuhura moja kwa moja, na Mjomba Rajabu akaruka kutoka kwenye kiti.

"Mshenga ni mimi! Barua anatoa mshenga!"

"Umeongea siku tatu, nani kakuzuia kuitoa?"

"Ulikuwa umeukalia mkoba!"

Ikabidi airudishe kwenye mkoba, amkabidhi Mjomba mkoba, Mjomba aitoe upya, aseme maneno yake, na maneno yake yalikuwa mengi. Baba Zuhura aliipokea kwa mikono miwili. Mama Esta alipiga vigelegele mpaka mtaa wa pili wakajibu bila kujua ni vya nini. Harusi tumekubaliana iwe mwezi wa sita, baada ya mavuno, barabara zikiwa kavu.

Jioni hii wageni wamekwenda kupumzika. Kabla ya kwenda, Mama Hemedi alitoka uwanjani akanikuta karibu na nguzo.

"Hili kopo la nini?"

"La kupimia mvua."

Akasimama kwa vidole, akachungulia kwenye wavu. "Halina kitu."

"Bado halijapata."

"Likipata nipigie simu," akasema. "Hata kama ni tone."

Nitampigia.

Sasa nipo peke yangu na daftari, na kuna jambo halinipi raha kamili, ingawa nina raha. Leo mimi nimeshinda. Mtoto wangu atakuwa mwendo wa bajaji kutoka hapa nilipokaa. Kuna mama mwingine ambaye atakuwa anahesabu Jumatano mpaka Ijumaa maisha yake yote, na ametoa barua hiyo kwa mkono wake mwenyewe baada ya mimi kumwambia ukweli. Ningekuwa mimi ndiye mwenye mkoba, ningeufungua? Nimejiuliza mara mbili na sijapata jibu la kuandika.

Ninachoweza ni kupima. Nyuma ya daftari la mvua nimefungua ukurasa mpya, nimeuchora mistari kwa rula. Juu nimeandika: Hemedi kwenda kwao. Mwaka, siku ya kuondoka, siku ya kurudi. Mwaka utakaobaki mtupu nitakwenda kugonga mlango wao, na sitakwenda na maneno matamu.

Kopo nimeliangalia tena sasa hivi. Kavu. Nimelifuta vumbi, nimelirudisha juu ya nguzo.

Na kwenye kamba yangu ya nguo linaning'inia sweta la sufu. Nilitaka kumkunjia aondoke nalo Jumanne, akakataa. "Liache hapo," akasema. "Umeandika mwenyewe, mwezi wa sita kuna baridi ya kuvaa sweta. Nitakuja harusini, na nitahakiki."

Novemba imeshaniaibisha. Juni, nakuomba, usiniangushe.